Kupeleka familia Kisumu kuona mambo ya zamani: maswali ninayoulizwa kila likizo

Shule zikikaribia kufunga simu yangu haipumziki. Leo ni dada yangu wa Nakuru, kesho ni mabinamu wa Eldoret, keshokutwa ni mama fulani tuliyekuwa tunakaa naye ploti moja zamani, na wote wanauliza kitu kimoja, tukikuja Kisumu na watoto tulale wapi na tuwaonyeshe nini. Nimeishi hapa tangu niolewe, watoto wangu watatu wamekulia hapa, na wageni nimewatembeza wengi, ndio maana nimeamua kuandika majibu yote mahali pamoja.

Msimamo wangu niuseme mapema: usianze na hoteli. Anza na vitu vya zamani unavyotaka watoto wavione, jua viko upande gani na vinafaa kuendewa saa ngapi, alafu kitanda kifuate. Wengi wanafanya kinyume, wanalipia rumu juu picha ya swimingpuli imewapendeza, wakifika wanapata kila kitu kiko mbali, jua ni kali, mtoto mdogo analia na baba amenuna.

Kwani Kisumu ni mji wa kihistoria kweli? Si hayo ni mambo ya Mombasa na Lamu?

Hili swali huniuma, nakubali. Mombasa na Lamu ni za zamani zaidi, hakuna mtu anabisha, lakini mtoto aliyezaliwa huku magharibi anaeza kumaliza shule akijua Fort Jesus na hajui mji wa kwao ulitoka wapi.

Kabla mzungu hajafika watu walikuwa wanakuja hapa kando ya ziwa kubadilishana vyakula na bidhaa, na jina lenyewe wazee wanalitoa kwa hilo neno la Kijaluo la mahali pa kubadilishana. Alafu reli ikaanza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nakuru 1900, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa maji ya ziwa hapa. Mahali pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston, yule mhandisi aliyesimamia kutandaza vyuma. Na hiki ndicho watoto wangu hupenda kusimulia wenzao: meli ilitangulia reli. SS William Mackinnon ililetwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa na kuingia majini 1900, mwaka mzima na zaidi kabla ya treni ya kwanza. Mwambie mtoto wa miaka tisa kwamba kuna watu walibeba meli kichwani uone kama hatakusikiliza.

Ndani ya mji wenyewe kuna nini cha kuona kwa miguu?

Oginga Odinga Street. Nendeni saa moja unusu asubuhi kabla jua halijapanda na maduka hayajafunguliwa yote, mtembee polepole mkiangalia juu, sio chini kwenye madirisha ya maduka, juu ndio kuna historia. Utaona majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata reli, na mnara wa saa uliozinduliwa 1938, wana wa Kassim Lakha waliujenga kumkumbuka baba yao. Kuna Msikiti wa Jamia, kijani na nyeupe, ulijengwa 1919, na ukitaka kuingia uliza kwa heshima, wasichana wafunike vichwa na msiende saa ya swala. Yote hayo ni saa moja na nusu hivi na mkimaliza mnakunywa chai na mandazi. Usiongeze hapo. Mtoto akishachoka na majengo, jengo la tano halioni tena.

Tukiwa na siku moja pekee, tuende wapi?

Kisumu Museum, bila kufikiria mara mbili. Iko barabara ya kwenda Nairobi, tuktuk inawafikisha haraka kutoka katikati ya mji. Ilifunguliwa 1980 na usidanganywe na geti lake la kawaida.

Ndani wamejenga boma zima la Kijaluo, linaitwa Ber-gi-dala, na hilo ndilo ninalowapeleka watu kuona. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango. Kuna za wake wengine, kuna maghala ya nafaka, na karibu na lango kuna simba, ambayo sio mnyama, ni kibanda cha kijana ambaye hajaoa. Wageni wa kutoka bara wanacheka sana hapo, kijana wako wa miaka kumi na tano ukimwambia zamani angekuwa na nyumba yake pale mlangoni atasimama wima. Mwelezaji akiwa mzuri atawaambia vile mtu alikuwa anatoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma lake, anaondoka alfajiri na jogoo, kijana wake wa kwanza amebeba shoka na mke amebeba moto. Mimi nimesikia hiyo habari mara nyingi na bado nasimama kusikiliza.

Ndio maana nawaambia, lipieni mwelezaji. Watu wanalipa kiingilio cha watu sita alafu wanakataa kumlipa yule kijana anayejua, wanazunguka wenyewe dakika ishirini wanatoka wakisema hakuna kitu. Boma bila mtu wa kulieleza ni nyumba za udongo tu kwa macho ya mtoto wa estate.

Kuna nyoka pia, mamba, kobe, samaki wa ziwani kwenye matangi, hao ni wa kuwafurahisha wadogo wakati wakubwa bado wako kwenye boma. Anzia boma, malizia nyoka. Ukianzia nyoka hutawatoa huko.

Kit Mikayi inafaa watoto wadogo?

Inafaa kutoka miaka kama sita, wadogo zaidi inabidi mtu mmoja abaki nao chini kivulini. Iko Seme, kama kilomita 29 kutoka mjini ukifuata barabara ya Bondo, na ni mawe makubwa yamepandana, marefu kama mita 40, unayaona tu ghafla yamesimama. Jina maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Kuna mzee, hadithi inasema, alilipenda hilo jiwe akawa anashinda pale, hata chakula analetewa hapo, mpaka mke wake akiulizwa mzee yuko wapi anajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Waelezaji watawaonyesha jiwe lipi ni mikayi, lipi ni nyachira mke wa pili, na lipi ni reru wa tatu, watoto wanaanza kubishana nani ni nani.

Kuna jambo moja naomba sana. Pale ni mahali pa maombi. Utapata waumini wa Legio Maria na makanisa mengine wamefunga, wamekaa ndani ya mapango wanaomba siku kadhaa. Waambie watoto kabla hamjashuka kwa gari wasipige kelele, na usimpige mtu picha anapoomba. Pia vaeni raba, sio sendo, mawe yanateleza na kupanda sio mchezo.

Na Thimlich Ohinga? Nimeskia ni kubwa kuliko zote.

Kwangu mimi ndio mahali pa maana kuliko pote upande huu, na ndio mahali ninapowakataza wengi kwenda, sikiza kwa nini.

Ni kuta za mawe zilizojengwa bila simiti, bila udongo, jiwe juu ya jiwe, wanaakiolojia wanazirudisha karibu na karne ya 16. Zingine ni ndefu kumshinda mtu mrefu mara mbili na bado zimesimama. Milango ni mifupi makusudi, adui aingie ameinama, na watu waliishi ndani na ng'ombe zao. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Ni kazi ya mikono ya watu wetu na mimi nilipofika mara ya kwanza nilinyamaza tu.

Lakini iko kaunti ya Migori, ndani ndani huko upande wa Macalder, kutoka Kisumu ni zaidi ya saa tatu kwenda peke yake na sehemu ya mwisho ya barabara sio lami. Ukijaribu kwenda na kurudi siku moja na mtoto wa miaka minne mtakaa kwa gari siku nzima, atafika amelala. Kama watoto wenu wana miaka kumi kwenda juu, na mnaeza kulala Migori au Homa Bay usiku mmoja, tafadhali nendeni. Bebeni maji na chakula, hakuna duka kubwa karibu. Kama wadogo ni wengi, acheni mpaka wakue, mawe yamengoja miaka mia tano.

Watoto wangu wanataka wanyama, hawataki historia. Nifanye nini?

Wape vyote, asubuhi kitu cha zamani, jioni wanyama au maji, na kila mtu analala na furaha. Impala Sanctuary iko kando ya ziwa, kama kilomita 3 kutoka mjini, ni ndogo, inatembeleka kwa miguu na hicho ndicho kinachoipendeza kwa familia, hamfungiwi kwa gari. Swala pala wanazunguka wenyewe, na kuna simba na chui kwenye vizimba. Malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, hawashiki pesa mkononi, kwa hivyo lipeni mkiwa na mtandao kabla hamjafika getini, na mbebe kitambulisho ndio mlipe bei ya wakazi. Nyani wadogo wa hapo wana akili sana. Wanajua mfuko wenye ndizi, shikeni chakula vizuri.

Kutoka hapo Dunga ni karibu. Mtatembea kwa daraja la mbao juu ya mafunjo, mtaona wavuvi, na kuna kikundi cha jamii cha waelezaji wanaojua ndege kwa majina. Boti ni ya asubuhi. Mchana upepo unageuka na ziwa linaanza mawimbi, usikubali kuambiwa ni sawa tu. Na laifjaketi kila mtu, ile ya mtoto iwe ya size ya mtoto, kama hawana ya mtoto basi huyo mtoto hapandi, hata akilia. Hapo sina mjadala.

Haya sasa, tulale upande gani wa mji?

Ukishajua mtazunguka museum, mji wa zamani, Impala na Dunga, jibu linajileta lenyewe: ule ukanda wa kutoka Milimani kushuka ziwani mpaka Dunga. Milimani kuna utulivu, miti, barabara za kutembea jioni, na Impala ni tuktuk kidogo tu. Sunset Hotel ni ya siku nyingi, iko huko na inatazama ziwa, jina lake linasema kweli. Kiboko Bay iko upande wa Dunga kando ya maji kabisa, watoto wanapenda, lakini kumbuka jina kiboko halikuwekwa kwa mapambo, giza likiingia watoto wasikaribie maji.

Katikati ya mji kuna kama Imperial na Acacia Premier, zinafaa kama mmekuja na basi au treni bila gari, au kama baba ana kazi za mjini. Mji uko mlangoni, lakini hakuna nyasi ya watoto kukimbia kama huko chini.

Upande wa Riat juu milimani kuna hewa baridi na unaona mji wote na ziwa, pazuri sana kwa wanandoa. Kwa familia isiyo na gari sipapendekezi, kila safari ni kuita gari, mwisho wa siku pesa ya usafiri inakaribia ya rumu.

Nikipiga simu hotelini niulize nini?

Kwanza jua unapigia nani, juu kwetu hoteli pia ni mahali pa chapati na maharagwe! Uliza kama wana malazi.

Alafu uliza vitu vinavyoonekana kwa macho, sio sifa. Rumu ya familia, ina vitanda vingapi na vya size gani? Tuliwahi kulipia rumu ya familia kwa nyumba moja ya wageni, tukafika ni kitanda kimoja na godoro limeegeshwa ukutani, na chini yake kuna klabu iliyopiga muziki mpaka saa tisa usiku, mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miezi minane. Nililia huo usiku, sio siri. Tangu hapo nauliza: kuna baa au disko kwa jengo, na je, kuna harusi au pati wikendi hiyo? Rumu inaangalia barabara au nyuma?

Uliza neti ziko kwa kila kitanda, hata kile cha ziada. Uliza kama feni inafanya kazi stima ikipotea, yaani kama jenereta inabeba rumu ama ni taa za korido tu. Maji ya moto ni saa zote au mpaka stima irudi. Watoto wanalipa kuanzia miaka mingapi na kama chai ya asubuhi ya watoto imo kwa bei. Swimingpuli ina upande wa watoto wenye kina kifupi, na kuna mtu wa kuangalia, na wageni wa nje wanaruhusiwa, manake wikendi zingine puli inajaa watu wa mji mzima. Kama mko ghorofani, uliza reli za balkoni. Jibu likiwa "hiyo hakuna shida madam" bila maelezo, uliza tena.

Kama mna mtu wa karibu Kisumu, mtume aende aangalie. Mimi nimetumwa mara nyingi na sichoki, dakika kumi zangu zinaokoa likizo ya mtu.

Picha na maoni ya watu onlaini, niamini?

Picha za hoteli yenyewe angalia mara moja uachane nazo. Angalia zile zilizopigwa na wageni, bafu hasa, na soma maoni ya miezi ya karibuni tu, meneja akibadilika hoteli inabadilika. Tafuta maoni ya mtu aliyeandika ako na watoto. Anayelalamika waifai ni ya polepole hana shida yako.

Nyumba ya kukodi si ni rahisi kuliko hoteli?

Mkiwa watu watano kwenda juu na mnakaa siku tatu au zaidi, mara nyingi ndiyo, na jikoni ni baraka kwa mwenye mtoto wa uji. Lakini uliza mlango wa geti unafungwa na nani usiku, maji ni ya tangi au ya mfereji, na kama ni ghorofa ya nne bila lifti na uko na nyanya basi umejibiwa. Usitume pesa yote kabla hujaona. Depoziti kidogo, na upate risiti au meseji yenye jina na tarehe.

Tunakuja na nyanya wa miaka sabini na tano. Atafurahia?

Atafurahia kuwashinda! Mpeleke kwa boma la museum, hapo ndipo wazee wanafungua midomo. Mama mkwe wangu tulipompeleka alimnyamazisha mwelezaji kwa heshima tu, akaanza kuwaeleza wajukuu vile wasichana walikuwa wanalala kwa nyumba ya nyanya yao, inaitwa siwindhe, wakisikiliza hadithi usiku, na watoto wangu hawajawahi kusahau hiyo siku. Mwombeeni rumu ya chini, na Kit Mikayi abaki chini na kiti chake, jiwe linaonekana vizuri hata kutoka chini.

Tuje mwezi gani?

Agosti na Desemba, mvua ikiwa imepungua, ndio rahisi. Machi mpaka Mei ni masika, na barabara za ndani zinakuwa tope. Hata miezi mingine hapa mvua inapenda kuja jioni na radi kubwa, ndio maana vitu vya nje tunavifanya asubuhi. Mwisho wa Desemba kila mtu anarudi nyumbani na hoteli zinajaa, wekeni nafasi mapema. Jambo ambalo wengi hawajui: hoteli nyingi za hapa zinaishi kwa semina za katikati ya wiki. Ukija Ijumaa mpaka Jumapili unaeza kuomba bei ipunguzwe na ukasikilizwa, omba tu, hakuna aibu.

Malaria je?

Hii usiichukulie juu juu. Huku ziwani malaria ipo mwaka mzima na mtoto wa Nakuru au Nairobi mwili wake haujaizoea. Kabla ya safari zungumza na daktari kuhusu dawa ya kuzuia, hasa kwa mtoto mdogo na mama mjamzito. Neti kila usiku, mikono mirefu jioni. Na mkisharudi nyumbani, mtoto akipata homa hata wiki tatu baadaye, kapimeni malaria na mwambieni daktari mlikuwa Kisumu. Usimpe dawa ya homa ukalala.

Na kuogelea ziwani hapana. Kuna kichocho, kuna viboko. Puli ndio ya kuogelea.

Chakula cha watoto?

Dunga kuna samaki mpaka uchoke. Ngege, yaani tilapia, ni mtamu lakini ana miba, wadogo waagizieni mbuta, yaani sangara, minofu yake haina mambo mengi. Samaki anaanza kupikwa ukishaagiza, kwa hivyo agizeni alafu mwende kutembea kwa daraja, mkirudi yuko mezani. Mkikaa mnangoja na watoto wenye njaa mtaona ni kama masaa matano. Osuga, yaani mnavu, ya maziwa na ugali wa mtama, hata mtoto asiyekula mboga hiyo ajaribu. Familia za Kiislamu, upande wa Kaloleni hamtakosa chakula cha halali.

Kijana wangu wa miaka kumi na nne anasema historia inaboesha.

Mpe kazi. Mwambie yeye ndiye wa kupanga njia ya asubuhi, au yeye ndiye mpiga picha. Na mfundisheni ajua, ule mchezo wa bao wa Kijaluo, acheze na mzee yeyote aliye tayari. Atashindwa, na akishindwa mara tatu hataki kuondoka.

Kogelo, Bondo, Rusinga, hizo zote tunaeza kuunganisha?

Kogelo na Bondo ndiyo, siku moja, na Kit Mikayi iko njiani. Kogelo ni kwa kina Obama, baba yake Barack Obama ndiko kwao. Bondo kuna Kang'o ka Jaramogi, kaburi na kumbukumbu za Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, na tangu Oktoba 2025 mwanawe Raila amelazwa hapo. Watu bado wanaenda kuomboleza, mwende na heshima hiyo.

Rusinga ni safari yake. Kaburi la Tom Mboya, yule waziri wa zamani, lenye umbo la risasi, liko huko, na ni kisiwa ambacho mwanaakiolojia Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa zamani sana wa jamii ya sokwe, 1948. Ukipita Luanda K'Otieno kuna feri ya kuvuka mpaka Mbita na kwa watoto hiyo feri ndiyo safari yenyewe. Laleni huko.

Tunatoka Nairobi na gari. Tupumzike Nakuru?

Kama mna watoto chini ya miaka saba, ndiyo, msijiue. Na Nakuru sio ya kulala tu. Hyrax Hill iko nje kidogo ya mji, hatua chache kutoka barabara kuu, Mary Leakey alichimba hapo 1937, na pana bao zimechongwa kwenye mwamba wenyewe! Watoto waweke vidole kwa mashimo hayo, alafu wakifika Kisumu waoneshwe ajua, wataunganisha wenyewe. Kasri la Lord Egerton huko Ngata pia, alianza kulijenga 1938 likaisha 1954, na hadithi ya mwanamke aliyemkataa wasichana wakubwa hawaiachi. Hapo Nakuru tafuteni pa kulala upande wa Milimani au kando ya mji, katikati kuna kelele za matatu usiku kucha, na usiku ni baridi, bebeni sweta ambazo Kisumu hamtazigusa.

Treni ya abiria ya Nairobi mpaka Kisumu ilirudishwa Desemba 2021, inapitia Nakuru, na ni njia ile ile ya 1901. Haiendi kila siku, hakikisheni ratiba stesheni kabla ya kuahidi watoto.

Siku ya kuondoka tufanye nini cha mwisho?

Ikiwa ni Jumapili, pitieni Kibuye asubuhi, ndio siku yake kubwa, soko linamwagika mpaka barabarani. Nunueni chungu, kikapu au omena, wale dagaa wa ziwani, ya kupelekea majirani, mmoja ashike mkono wa mtoto mmoja, na pesa iwe ndogo ndogo mfukoni. Saa nne muwe mmeondoka. Ahero mtapita mashamba ya mpunga, simameni watoto waone mchele unatoka wapi, Kericho mnywe chai, na mjitahidi kupita Mau Summit mchana manake jioni kuna ukungu na malori. Omena ifungwe mifuko mitatu, ama gari litanuka mpaka shule zifunguliwe.